Viatu Vilivyoachwa Mlangoni

Mliponiaga pale zahanatini mwezi uliopita nilipostaafu, mlinipa jozi ya viatu vyeusi vya ngozi, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi ili yasipotee. Habari ya viatu nitaisema mwisho. Habari ya kazi nitaiandika kama nilivyoiona, kwa kufuata miaka, na nitaruka mambo ya vyeo. Sijawahi kuona kidonda kilichopona haraka kwa sababu dresa, mfunga vidonda wa zahanati, amepandishwa cheo.

Nilifika Temeke nikiwa kijana wa Kinyamwezi niliyesoma shule ya misheni kule Tabora. Nilijua kusoma, kuandika, kupima joto la mwili, na kufunga bendeji vibaya. Zahanati ilikuwa nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, paa la makuti, vyumba viwili na baraza la saruji. Mbele palikuwa na pipa la maji na kata ya kifuu. Nyuma palikuwa na mihogo ya jirani, ambayo mbuzi wake waliipenda kuliko yeye mwenyewe. Daktari Mzungu alikuja kwa motokaa mara moja kwa juma, barabara ikiruhusu. Masika haikuruhusu.

Aliyenipokea ni Mzee Anselmi, Mngoni, dresa wa pale kabla yangu. Alikuwa na vidole saba tu vya miguu. Vitatu alivipoteza kwa funza katika vita vya Mwingereza na Mjerumani, alipobeba mizigo ya jeshi kwa miezi mingi bila viatu. Aliniambia kwamba wenzake wengi hawakuuawa na risasi. Mguu ulioza, mtu akashindwa kutembea, msafara ukaenda zake. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kuhesabu bendeji.

Siku ya kwanza alinikataza kugusa dawa. Alinikalisha barazani nitazame watu wakija kutoka njiani, na kila mmoja alipokaribia aliniuliza huyu anaumwa wapi. Nilitazama nyuso zao nikakosea wote sita. Yeye hakukosea hata mmoja, na alikuwa ametazama chini tu.

"Uso unadanganya, mwanangu," akaniambia. "Mtu mwenye jino bovu atakuchekea kwa heshima. Mguu haujafundishwa adabu. Utazame huo."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari langu jioni ile. Yalikuwa ya kweli kwa sehemu, na ile sehemu iliyobaki ndiyo iliyonigharimu, kama mtakavyoona.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: beseni mbili, mkasi, koleo dogo, wembe, pini za kutolea funza, chupa ya spiriti na dawa ya zambarau ambayo ilitia rangi vidole vyetu hata Jumapili kanisani. Mzee Anselmi alinifundisha kutoa funza bila kupasua mfuko wake wa mayai. Unachimba kando, polepole, unazungusha, mfuko unatoka mzima kama punje ya mtama mweupe. Ukiupasua umeanzisha kidonda. Alinifundisha pia kukata kucha za wazee, kazi ambayo vijana huidharau. Kucha iliyoingia nyamani humfanya mzee ainue kidole asikikanyagie, na mzee aliyeinua kidole ni mzee aliyekaribia kuanguka.

Hilo la mwisho nilithibitisha mwenyewe. Mama mmoja wa Keko alikuwa akimwaga maji ya debe kila alipotoka kisimani, na kila mara upande wa kushoto. Mumewe alikuwa ameshamwambia kwamba ana uzembe, na mama mkwe alikuwa na maelezo mengine. Nilimkuta na sugu chini ya kidole kidogo cha kushoto, gumu kama kokwa la ubuyu. Nililainisha kwa maji moto na sabuni, nikalikata kwa wembe tabaka kwa tabaka kwa siku nne. Maji hayakumwagika tena. Mama mkwe alibaki na maelezo yake.

Kuanzia hapo nilianza kujisomea. Nilipata kitabu cha Kiingereza cha tabibu katika rundo la vitabu chakavu kwa muuzaji mmoja wa Kihindi mjini, kimekosa jalada na kurasa za kwanza, nikakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku mbili. Humo nilijifunza kwamba mtu husimama kwa kusaidiwa na vitu vitatu: macho, sehemu iliyo ndani ya sikio, na habari zinazopanda kutoka nyayoni na kwenye viungo. Vidole vya mguu hushika ardhi, lakini pia huiambia akili mwili umeegemea upande gani. Kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kikikosekana, vingine viwili hubeba kazi yake, na mwenyewe asijue.

Mzee Anselmi alipostaafu akarudi Songea, aliniachia koleo lake dogo na zahanati yote. Nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Nikatoa amri: kila mgonjwa aache viatu mlangoni, anawe miguu kwenye pipa, ndipo aingie. Watu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walinawa, na wengi wakajipaka mafuta ya nazi juu yake, maana si adabu kumpa mtu mguu mkavu wenye vumbi aushike. Daktari aliposifu usafi wa zahanati yangu nilifurahi kwa juma zima. Sikuona kwamba nilikuwa nimeifundisha miguu adabu.

Miaka michache kabla ya vita vya pili alikuja Mzee Shomari. Nyote mmewahi kusikia jina lake, lakini wachache wenu mlimjua. Alikuwa Mzaramo wa hapo hapo Temeke, fundi wa kushona kanzu, na mwadhini wa msikiti mdogo ulio karibu na zahanati. Sauti yake ilifika Mtoni upepo ukiwa mzuri. Mimi ni Mkristo, lakini saa yangu niliirekebisha kwa adhana yake.

Aliniambia ana kizunguzungu. Nilimwuliza kinamjia wakati gani.

"Nikiadhini, Bwana Dresa. Nikifumba macho, dunia inaondoka chini yangu."

Alikaa kwenye benchi, miguu imeoshwa, inang'aa kwa mafuta, imewekwa pamoja kama ya mtoto shuleni. Niliitazama, sikuona uvimbe wala kidonda, nikahamia sehemu za juu za mwili. Joto la mwili lilikuwa limezidi kidogo. Nikaamua ni homa ya malaria iliyojificha, nikampa kwinini ya siku saba.

Hilo lilikuwa kosa langu, na ninaliandika ili msilirudie. Kwinini huvumisha masikio na huleta kizunguzungu hata kwa mtu mzima wa afya. Siku ya tano, wakati wa alasiri, Mzee Shomari alisimama kwenye kidaraja, kile kidato cha ngazi mlangoni mwa msikiti, kama kawaida yake, akaweka vidole masikioni, akafumba macho, na katikati ya adhana akaanguka. Hakuumia zaidi ya kiwiko. Lakini alianguka mbele ya watu waliokuwa wakija kuswali, na adhana ikakatika.

Kesho yake alikuja mkewe, Bi Chausiku, mwanamke mfupi ambaye hakukaa nilipomkaribisha.

"Mume wangu hajaonja tembo la mnazi tangu azaliwe," akasema. "Leo watoto wanamwigiza njiani anavyopepesuka. Wazee wamekaa, wamesema Ijumaa ya pili kutoka hii, kama hajawa mzima, adhana apewe mwingine. Hawasemi ni mgonjwa. Wanasema ni mzima, ila amelewa. Na dawa yako ndiyo iliyommaliza."

Alikuwa na haki. Genge la tembo lilikuwa njiani kati ya cherehani ya Mzee Shomari na nyumba yake, na kwa muda wa miezi watu waliosimama naye katika safu ya swala walikuwa wakimhisi akiyumba, bega lake likigusa lao na kurudi. Aliyelisema neno la ulevi waziwazi ni Mzee Pazi, jirani yake tangu utotoni. Alisema hajamwona mtu anayepepesuka bila kunywa, isipokuwa mtoto wa mwaka mmoja, na Shomari amezidi umri huo.

Nilisimamisha kwinini. Nilimwita Mzee Shomari, nikamchunguza upya kwa kufuata kitabu. Masikio yalikuwa safi. Nilimsimamisha miguu pamoja, nikamwambia afumbe macho, nikaweka mikono yangu pande zote mbili bila kumgusa. Alianza kuyumba kabla sijahesabu tano. Kitabu kilisema dalili hiyo huweza kuwa ya ugonjwa wa uti wa mgongo unaotokana na kaswende ya zamani. Sikulitamka neno hilo. Ningelitamka, hata mbele ya mwenyewe peke yake, lingekuwa limefika Mbagala kabla ya magharibi. Nilimkalisha, nikamgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu uliruka vizuri, na wa pili hivyo hivyo. Kwa ugonjwa ule usingeruka. Nikakifunga kitabu nikiwa nimefurahi na sijui la kufanya.

Zilibaki siku sita. Nikaamua kumtazama mahali anapoyumba badala ya mahali anapokaa. Mkabala na msikiti kuna baraza la mwuza mkaa, nikaomba kukaa hapo wakati wa alasiri. Watu walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakatawadha kwenye pipa, wakavuka ukumbi wa saruji kwenda kwenye mikeka. Jua lilikuwa kali. Kila mtu aliacha nyayo za maji kwenye saruji, na nyayo zilikauka nyuma yake moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nimetazama miguu kwa miaka zaidi ya kumi, na sikuwahi kutazama inachoacha. Kisigino, ukingo wa nje, mto wa mbele, ile nyama iliyo nyuma ya vidole, kisha vidole vitano kama kunde zilizopangwa. Kila mtu alikuwa na zake, lakini mpango ulikuwa huo. Kisha akapita Mzee Shomari. Aliacha kisigino, na ukingo wa nje. Hapakuwa na kidole hata kimoja, wala mto wa mbele. Mtu yule alikuwa akitembea juu ya nusu ya miguu yake.

Akaadhini. Nilimwona anafumba macho. Nilielewa mara moja kwa nini alianguka pale na si kwenye njia ya nyumbani. Akiwa amefumbua macho, macho yalifanya kazi ambayo vidole vilikuwa vimeiacha. Akiyafumba, alikuwa amebaki na visigino viwili na masikio yanayovuma kwa kwinini yangu.

Walipokuwa ndani nilivuka nikatazama viatu mlangoni. Makubadhi, kandambili za kamba, mitalawanda, na jozi moja tu ya viatu vya turubai vyeupe vyenye soli ya mpira, vilivyotunzwa, vyenye kamba mpaka juu, ambavyo nilimwona Mzee Shomari akivivua. Nilitia mkono ndani ya kimoja. Kilikuwa na unyevu kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

Baada ya swala nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha uani, Bi Chausiku akaleta kahawa na hakunitazama. Nilimwomba Mzee Shomari avae viatu vyake mbele yangu. Alivivaa. Ilichukua muda mrefu, na alipomaliza jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Vinakubana, Mzee?"

Alijipangusa jasho kwa ncha ya kanzu. Nikauliza tena.

"Ni zawadi ya mkwe wangu," akasema.

Hilo lilikuwa jibu lote, na lilitosha. Binti yake aliolewa mwaka uliotangulia na Abdala, karani wa ghala moja la bandarini, kijana mstaarabu. Baada ya harusi Abdala alimletea mkwewe viatu hivyo, na kila Ijumaa alikuja kuswali msikitini pale. Kila Ijumaa alitazama viatu. Kabla ya hapo Mzee Shomari alivaa mitalawanda maisha yake yote: kibao cha mti, na mbele yake msuruaki, kile kijiti kinachoshikwa kati ya kidole gumba na cha pili. Kuvaa mitalawanda ni kushika kwa vidole mchana kutwa, na mguu unapata hewa. Sasa alikuwa akitawadha mara tano kwa siku, kwa ukamilifu kama mtu wa dini anavyotakiwa, akipitisha maji katikati ya kila kidole, kisha akiuingiza mguu wenye maji ndani ya turubai iliyokuwa fupi kwake.

Nilimvua viatu, nikaomba taa ingawa ilikuwa mchana, nikavitenganisha vidole kimoja kimoja. Katikati ngozi ilikuwa nyeupe, laini, imevimba kama ya mtu aliyefua siku nzima. Chini ya kila kidole palikuwa na ufa, na chini ya gumba la kulia ufa uliweza kumeza punje ya mchele. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kuinuka, havikutaka kugusa kitu. Yote hayo yalikuwepo siku ile alipokaa kwenye benchi langu, yamefunikwa na mafuta ya nazi, vidole vimebanwa pamoja kwa adabu. Na viatu vilikuwa mlangoni kwangu, hatua nne kutoka kwenye kiti changu, kwa amri yangu mwenyewe.

Nikamwambia asivivae tena mpaka apone.

Akakataa. Alikataa kwa upole, kama mtu anayekataa sahani ya pili. Alisema binti yake hajapata mtoto bado, ndoa ni changa, na kijana hana kosa lolote. "Nikivivua viatu hivi, nimemvua yeye nguo mbele ya watu. Watasema Shomari hamtaki mkwewe. Heri waseme nimelewa, hilo nitamjibu Mungu."

Bi Chausiku akamwambia kwamba kabla ya kumjibu Mungu kuna Mzee Pazi, na Mzee Pazi yuko karibu zaidi.

Nilirudi zahanatini nikafikiri. Kuhusu miguu nilijua la kufanya. Kuhusu wakwe kitabu changu hakikusema kitu. Pengine kurasa hizo ndizo zilizokosekana mwanzoni. Asubuhi nilichukua karatasi ya serikali, nikaandika kwamba Shomari, mkazi wa Temeke, anaamriwa na zahanati asivae viatu vya kufunika kwa muda wa miezi mitatu, atumie mitalawanda tu, na afike kutibiwa kila siku. Nikapiga muhuri mara mbili, mmoja ukiwa hauna sababu. Nikampelekea.

Aliisoma polepole, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Basi," akasema. "Serikali haina mkwe."

Ijumaa ilikuwa bado. Alhamisi wazee walikaa kwenye baraza la imamu, na Bi Chausiku akanituma niende, si kwa kuniomba. Nilieleza habari ya nyayo za maji na vidole. Walinisikiliza kwa heshima na hawakuniamini. Mzee Pazi akasema yeye pia ana nyufa miguuni, na hajaanguka.

Hapo ilinifaa kuwa Mnyamwezi. Wazaramo na sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo dresa hana. Nikamwambia Mzee Pazi kwamba Mzaramo hajaanguka kwa sababu hajawahi kusimama muda wa kutosha. Wazee wakacheka, naye akajibu kwamba Wanyamwezi lazima waijue miguu, maana walifika pwani kwa miguu na meno ya tembo kichwani, na mpaka leo hawajapumzika. Nikamwambia basi, anithibitishie. Asimame, ainue vidole vyake vyote kumi visiguse chini, aweke mikono masikioni kama mwadhini, afumbe macho, na mimi nihesabu mpaka ishirini.

Hangeweza kukataa mbele ya mtani. Akasimama. Nilipofika nne bega lake lilianza kwenda. Nilipofika saba aliushika mwimo wa mlango.

"Umekunywa nini, mtani?" nikamwuliza.

Imamu aliinamisha kichwa ili asicheke. Mzee mwingine alisimama kujaribu, kisha wa tatu, na kwa muda mfupi baraza lilikuwa na wazee watatu waliofumba macho wakiyumba kama minazi. Mzee Pazi hakucheka. Alikuwa bado ameshika mwimo, na alikuwa akitazama miguu yake.

"Huyu tumemwonea," akasema.

Ijumaa Mzee Pazi mwenyewe alisimama kando ya Mzee Shomari wakati wa adhana, bega kwa bega, wote wawili chini, bila kupanda kidaraja. Watu wakaona, na maneno ya tembo yakaisha. Uwezo wa kuyaanzisha alikuwa nao Mzee Pazi, na wa kuyamaliza pia.

Jumatatu yake Abdala alikuja zahanatini, nadhifu, kofia ya kiua, uso umekaza. Alinisalimu, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika cheti, na kama viatu alivyonunua vina ubaya gani. Nilimwambia viatu ni vizuri, ila ni vifupi. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria.

Alitaka kumpa mkwewe zawadi. Hakuweza kumwuliza kipimo cha mguu wake. Mkwe hamwulizi mkwe habari za mwili. Hakuweza pia kumwuliza Bi Chausiku, wala mkewe, asije akaonekana anachunguza miguu ya wakubwa. Kwa hiyo siku moja, mzee akiwa kwenye swala, alikata ukindu, akaupima kwenye mitalawanda iliyoachwa mlangoni, akaupeleka dukani.

Mitalawanda huchongwa fupi. Kisigino hukaa nje, na kila mzee wa pwani huona hivyo ndivyo inavyopendeza. Abdala alikuwa kijana wa viatu. Hajawahi kuvaa mitalawanda. Alikuwa amepima kibao akidhani amepima mguu.

"Usimwambie," akaniomba. "Atajua nilishika viatu vyake."

Mzee Shomari naye alikuwa ameshaniomba nisimwambie Abdala kwamba vilimbana tangu siku ya kwanza. Nilizishika siri zote mbili miaka mingi, na hakuna dawa niliyowahi kuitunza vizuri zaidi. Mzee Shomari sasa ni marehemu. Abdala, ambaye naye ana wakwe, amenipa ruhusa ya kuandika.

Matibabu hayakuwa ya ajabu. Kuloweka miguu katika maji ya dawa ya zambarau, asubuhi na jioni. Kukausha kati ya kila kidole kwa kitambaa kikavu, kila baada ya udhu, mara tano kwa siku bila kuruka. Pamba nyembamba katikati usiku. Nyufa zilipofunga, nilimpa kazi ya kuokota korosho sakafuni kwa vidole vya miguu na kuzitia bakulini. Mwanzo hakuweza kuokota hata moja. Bi Chausiku alikaa kando akila zile zilizodondoka, akisema ni ada ya tabibu. Baada ya miezi miwili na nusu nilimsimamisha barazani, akafumba macho, nikahesabu mpaka sitini, nikaacha kwa sababu mimi ndiye niliyechoka. Kesho yake alipanda kidaraja. Aliadhini pale kwa miaka tisa zaidi, na kilichomwachisha ni sauti, si miguu.

Baada ya hapo niliifuta amri yangu. Viatu viliingia ndani pamoja na mgonjwa, nikavigeuza nikatazama soli imelika upande gani, nikatia mkono ndani. Mlangoni niliweka sinia pana la mchanga wenye maji, kila mtu akanyage kabla ya kunawa. Mwanzo watu walisema Mnyamwezi ameharibikiwa, anadai miguu michafu. Wazee wenye umri wa kuanguka niliwasimamisha wote wafumbe macho, hata waliokuja kwa ajili ya kikohozi. Sinia hilo ndilo mlilolikuta, na ambalo mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama ni la kuzima sigara.

Sasa habari ya viatu vyenu. Ngozi yake ni nzuri, na najua mlivichagua kwa mapenzi. Siku ya kuniaga nilivivaa mbele yenu, nikasimama muda wote wa hotuba, nikalishika bega la aliyekuwa karibu yangu, na mkadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini mengi yalikuwa kwenye vidole gumba. Ni namba saba. Mimi navaa namba tisa. Nadhani najua mlipata kipimo wapi: nina kandambili za zamani nilizokuwa nikiziacha nyuma ya mlango wa chumba cha dawa, na nimezikata upande wa kisigino mwenyewe ziwe rahisi kuvua, zikawa fupi kuliko mguu wangu.

Nilikaa navyo mwezi mzima nikifikiri jinsi ya kusema. Mwezi mzima, mimi. Kesho asubuhi nitavileta zahanatini mkononi, nikiwa na hizo kandambili miguuni, na aliyevinunua atafuatana nami dukani tuvibadilishe. Ataniona nikiweka mguu kwenye kipimo, nami sitaona haya.